Nilikata Sanda Nikashona Mapazia

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka upande huu wa Butiama. Naomba unisaidie kuhusu mapazia, na tafadhali usinicheke, maana nikilitaja tu neno hilo uso unaniwaka.

Miaka minne iliyopita tulihamia kijiji cha ujamaa. Kule tulikotoka nyumba yetu ilikuwa peke yake ndani ya ua wa minyaa, hakuna aliyepita akaona ndani, lakini hapa tumepangwa mstari kando ya barabara na kila anayekwenda kisimani anachungulia, anajua tumepika nini na nani amelala na viatu, na madirisha yenyewe ni manne, madogo, hakuna linalozidi ungo, nikasema madogo hivi yatanishinda nini kuyafunika? Nilikuwa nimeona mapazia kwa kaka yangu Clementi, karani huko Musoma, nikayatamani mpaka nikayataja mbele ya mama mkwe wangu Benedikta, naye akacheka, akasema, "Dirisha nalo linavaaga nguo?" Ndipo tukatangaziwa kwamba wageni wa wilaya watakuja kukagua nyumba, na duka la kijiji lilikuwa halijaona kitambaa tangu Krismasi.

Sasa Ndugu Mshauri, wanawake wa nyumba kumi zetu tuna sanduku la sanda, ni marekani nyeupe tuliyoinunua kwa pamba ya shamba letu la pamoja, ili akifa mtu asihangaikiwe wakati msiba umeshaingia. Mwenzetu Selestina alilitunza miaka mitatu, na nyumba yake ilipoingiwa na mchwa likaletwa kwangu, tukakabidhiana kwa kuaminiana, hakuna aliyepima. Nikalifungua. Nilisema nitakata kidogo tu, lakini nilitaka mapazia yawe na marinda kama ya kwa Clementi, na marinda yanakula kitambaa mara mbili, sikulijua hilo mpaka mkasi ulipokuwa umeshapita, nikayatia buluu ya kufulia yasionekane meupe, nikadarizi maua kwenye pindo, na mume wangu nikamwambia kaka ndiye aliyeniletea. Wageni walipokuja walinisifu mbele ya watu, nami nikasimama pale kama bibi harusi.

Wiki mbili baadaye Bibi Mbuke akafariki. Sanda iliyobaki ilimfunika kuanzia kichwani mpaka magotini, miguu ikabaki nje, na ujue yule bibi ndiye aliyetuzalisha karibu sote. Wanawake wakanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Mimi nililipokea sanduku hivyo hivyo." Sikumtaja Selestina lakini wote walimtazama yeye. Alifungua khanga yake ya kiunoni, akaifunika ile miguu, akarudi kwake na gauni tupu.

Tangu hapo ni miezi mitatu. Akifika shambani kwenye pamba mazungumzo yanakatika, na palizi anapewa mstari wa peke yake. Juzi alipita kwangu, akashika pindo la pazia kwa vidole viwili, akasema, "Mwenzangu, umelishona vizuri," akaenda zake. Nilikaa chini nikashindwa hata kuchochea moto.

Nikiyashusha wataniuliza kwa nini, nikiyaacha siwezi tena kuyatazama. Naomba uniambie niweke nini kwenye madirisha madogo kama yangu ili watu wasiulize maswali.

Mimi Mwenye Aibu, Butiama

*

Dada Mwenye Aibu,

Umeandika barua ya sanda ukamalizia na swali la madirisha. Basi nianze na madirisha, tuyamalize upesi.

Dirisha dogo halitaki marinda. Yanakuibia mwanga na kitambaa, na hilo la kitambaa umeshaliona. Chukua khanga yako kuukuu, ipasue, funika nusu ya chini tu: mpita njia haoni ndani, na mwanga unaingia kwa juu. Kamba ifunge pana kuliko dirisha, ili ukisogeza pazia likae ukutani na si mbele ya hewa. Au muombe huyo Benedikta anayekucheka akusukie kijamvi cha matete, unakikunja asubuhi na kukishusha jua likiwa kali. Kaka yako anaishi nyumba ya serikali yenye madirisha mapana. Wewe huishi huko.

Sasa tuongee.

Kutamani pazia si dhambi, dada yangu. Mmetolewa kwenye minyaa yenu mkawekwa barabarani, mwanamke yeyote angetafuta cha kujisitiri, na hapo nakuonea huruma kweli. Hata kukata kile kitambaa kungeweza kusameheka siku ile ile, kama ungefungua mdomo. Lakini ulisimama mbele ya maiti ya mwanamke aliyekuzalisha ukasema sentensi moja, na kwa sentensi hiyo mwenzako analima peke yake mpaka leo. Umejisitiri wewe, ukamvua nguo yeye. Halafu unaniuliza watu watauliza nini!

Na usijidanganye na buluu. Mtu aliyekunja na kukunjua kitambaa kile miaka mitatu hashindwi kukitambua kwa vidole. Selestina anajua. Alikuja kwako akakupa nafasi ya kusema, wewe ukakaa chini.

Fanya hivi. Leo mwambie mume wako, kabla hajasikia barabarani. Kesho mwombe balozi wa nyumba kumi awakusanye wanawake wale wale waliokuwa msibani, na Selestina awepo. Usiende kwake kimyakimya kwa mlango wa nyuma, maana hukumchafua kimyakimya. Yashushe mapazia uende nayo mkononi. Sema, "Selestina alinikabidhi sanduku limejaa. Niliyekata ni mimi. Nikasema uongo." Maneno hayo tu. Habari za wageni wa wilaya na duka lisilo na kitambaa ziache nyumbani.

Vipande hivyo usivirudishe sandukuni, hakuna anayezikwa na maua ya kudarizi. Utatafuta marekani mpya kwa jasho lako, hata kama ni kwenda Musoma kupanga foleni siku tatu. Ufunguo wa sanduku uache mezani, wao ndio watakaoamua nani aushike. Khanga ya Selestina imeshazikwa. Mpelekee nyingine, na asipoipokea usimlazimishe.

Ukishasema, usikimbilie kulia ili wakubembeleze. Kaa hapo, nyamaza, umwache Selestina aongee mpaka amalize.

Mama Mshauri