Asubuhi Baba Alipokataa Kukunyoa

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Ninatumaini barua hii itakukuta mzima, malengelenge ya miguu yamepona, na umepata nafasi ya kukaa chini uisome mpaka mwisho bila kuitwa. Hujambo lakini? Chakula kinatosha? Wanakuacha ulale? Sisi huku hatujambo, kama mtu anaweza kuitwa mzima kwa kuwa hana mahali pa kuonyesha kwamba hapa ndipo panapouma. Mama anakusalimu sana. Habari za Baba nitazifikia.

Shuleni tumefundishwa kwamba kila aya ibebe jambo moja. Nitajitahidi, ingawa mambo yenyewe yamefungamana, na wewe hutakosa kunicheka kwamba mdogo wako uliyempa jina la Mwalimu ameshindwa na kazi yake.

Nianze na Mama. Bado yuko kule kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Akirudi hukaa jikoni na viatu vyake miguuni, kwa sababu anasema akivivua tu ndiyo basi tena, na bado hajapika. Majirani wakimwuliza habari zako huwajibu kwamba uko mafunzoni. Hadanganyi, lakini hasemi kwamba ni ya jeshi, na yule jirani mwenye duka la vifaa vya umeme ameshaanza kutangaza kwamba ukirudi utamtengenezea feni zake zote. Nilimwambia Mama kwamba siku moja tutaumbuka. Akasema tuumbuke tu, yeye amechoka, na pole za watu nazo ni mzigo wa kubeba.

Kwenye kibanda cha Baba cha kunyolea mambo yamebadilika kidogo. Ile redio siku hizi ni ya muziki tu. Saa ya taarifa ya habari ikikaribia, Baba anaizima. Wateja walipolalamika aliwaambia kwamba anayetaka habari akamtafute anayenyoa habari, yeye ananyoa vichwa. Vijana wanaokwenda jeshini bado wanakuja kunyolewa kabla ya safari, kama zamani. Anawanyoa, ila polepole mno, mpaka wenzao kwenye benchi wanamwuliza kama ananyoa au anachonga kinyago. Zamani angewajibu mpaka watoke wakishika mbavu. Sasa anawaambia wanyamaze, kichwa cha mtu si mchezo.

Barua yako ilifika juzi. Niliisoma kwa sauti mezani kama kawaida, maana Baba haoni tena herufi ndogo, na Mama akishika karatasi iliyotoka kwako machozi yanamtangulia. Nilisoma vizuri, kwa vituo, mpaka pale ulipoandika kwamba likizo yako kabla ya kupelekwa mpakani utaimalizia kwao rafiki yako wa kambini, kwa sababu huwezi kurudi katika nyumba ambayo mwenyewe hakutaki. Ningejua ningeiruka sentensi hiyo. Nilipotambua ninachosoma, nilikuwa nimeshaimaliza. Mama aliinuka akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Baba alisema chai imepoa, akachukua funguo za kibanda, akatoka.

Kaka, mimi sikulaumu. Asubuhi ile nilikuwepo, nimekushikia begi. Ulikaa kwenye kiti kikubwa ukicheka, ukamwambia Baba kwa utani: Fundi, leo toa zote, usibakize hata mbegu. Tangu ulipozaliwa hakuna mkono mwingine uliowahi kukunyoa. Baba akakufungua kitambaa shingoni, akakikung'uta ingawa hakikuwa na unywele hata mmoja, akakuambia nenda wakakunyoe hao hao wanaokutaka. Watu wa kwenye benchi wote waliinamisha macho. Ulitoka bila kuaga, nami nikakukimbilia na begi. Njiani uliniambia kwamba baba akikataa kumgusa mwanawe siku ya safari, huyo ameshamzika. Nilidhani ni kweli, na nimeishi nalo hilo mpaka juzi.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Nilipotoka shule siku ile nilipitia kibandani. Kile kiti kikubwa kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa kilichofuliwa, na wateja walikuwa wananyolewa kwenye kigoda, magoti yamewafika kidevuni. Baba alisema kiti kimeharibika. Jioni alimwuliza Mama kama magari yanayotoka upande wa kambi huwa bado yanapita saa hizo. Mama alidhani anamkejeli, wakanuniana. Kesho yake kiti kikarudi kazini, na hakuna aliyeuliza kimetengenezwa na nani.

Sasa umkumbuke yule mzee mteja wetu, Mzee Gwaride, anayetembea kifua mbele na kumwita kila mtu kuruta. Ndiye aliyekuwa akitueleza habari zote za jeshi. Alikuwa akisema kwamba kuruta akifika getini na nywele zake hurudishwa kwao siku hiyo hiyo, kwamba jeshi halipokei misitu. Sisi tulicheka. Baba aliipenda sana hadithi hiyo, akaifanya mzaha wake wa kazini. Kila kijana aliyepunja pesa ya kunyolewa alitishiwa kuachwa nusu kichwa ili arudishwe kwa mama yake.

Juzi, baada ya barua yako, Mama alinituma nimpelekee Baba chai nyingine. Nilimkuta amekaa mwenyewe kwenye kiti kile, hafanyi chochote. Nilimwuliza kilitengenezwa lini. Akasema hakijawahi kuharibika.

Kisha akanieleza, akizungumza na kioo zaidi kuliko na mimi. Alisema siku ile alikuwa amekuwekea wewe. Kaka, Baba aliamini kwamba utarudishwa getini. Aliamini kabisa. Alikuwa ameshapanga kila kitu: utarudi jioni umekasirika, utakaa, naye atakunyoa taratibu huku akikubembeleza, na mpaka amalize, magari ya makuruta yatakuwa yamekwenda na nafasi yako atakuwa amepewa mwingine. Yale maneno makali aliyatafuta makusudi, ili usimwombe tena. Alisema ungemwomba mara ya pili angekunyoa.

Nilitamani kucheka na nikashindwa. Ni kinyozi peke yake anayeweza kufikiri kwamba jeshi zima litakwama kwa sababu ya nywele. Na alipoona siku zinapita hurudi, alimbana Mzee Gwaride, na yule mzee baada ya kukohoa sana akakiri kwamba yeye hakuwahi kuwa askari. Alikuwa akipeleka mboga kambini, na kila siku aliishia pale pale getini. Yaliyokuwa ndani aliyasikia kwa madereva. Baba hakumfokea. Alimnyoa, akampaka poda, akamwambia aende salama.

Nilimwuliza Baba kwa nini hakutuambia. Akasema angeanzaje? Kwamba mtu mzima mwenye ndevu nyeupe alipanga kulizuia jeshi kwa mashine ya kunyolea? Alisema alitaka kuona aibu peke yake kwanza, halafu aibu ikakaa mpaka ikawa mazoea. Alisema pia kwamba hachoki kwa kusimama kutwa, amesimama maisha yake yote. Kinachomchosha ni kila kivuli kinachopita mlangoni, kwa sababu anageuka kukitazama kabla hajajizuia, na mkononi ana wembe na mbele yake kuna shingo ya mtoto wa mwenzake.

Aliniambia nisikuandikie haya. Nikamjibu sawa, Baba. Alipokuwa ananirudishia kikombe akaniuliza kama nina stempu.

Kwa hiyo ninakuandikia. Sikuombi uache jeshi, na Baba hakunituma nikuombe hivyo. Nadhani ameshajua hilo haliko tena mikononi mwake. Ninakuomba likizo yako uje nyumbani. Huko mpakani sijui kukoje, na vitabu vyetu vya shule vinaonyesha mstari tu. Lakini ninajua ukienda huko ukiwa bado unaamini kwamba ulizikwa na baba yako, hakuna barua yangu itakayokuwahi.

Kama rafiki yako ataona vibaya, njoo naye, alale chumbani kwako, mimi nitawatandikia. Mama anataka kujua kama soksi alizotuma zinakutosha au amezikosea. Jirani wa feni nitamweleza mwenyewe ukikaribia kufika. Mitihani yangu inaendelea vizuri, na hesabu nimepanda kidogo.

Karibu nisahau. Nilimwuliza Baba, ukija nyumbani na wenzako wa kambini wameshakunyoa, pamebaki ngozi tupu, yeye atakufanya nini. Alikichukua kile kitambaa, akakikung'uta. Akasema atakuosha kichwa.

Wasalimu wote unaolala nao chumba kimoja. Kunywa maji, jifunike vizuri, na tujibu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Mwalimu