Nukta Iliyobaki Mbita

Dada Akinyi,

Salamu nyingi kutoka kisiwani Mfangano. Nimefika, lakini nguo bado zinachuruzika maji, ndiyo maana karatasi ina madoa hivi.

Katikati ya ziwa upepo ulitugeukia, mawimbi yakaanza kuingia botini. Nilikuwa nachota maji kwa sufuria ya mama mmoja muuza dagaa wa omena ujumbe wako ulipoingia: "Ile app mpya ya boti inaonyesha nukta yenu kwenye ramani bado iko Mbita. Mbona hamjatoka?"

Nikamwonyesha nahodha. Akafumba macho. "Aa, hiyo hufuata simu yangu. Nimeiacha kibandani ikichajiwa. Huku ingelowa."

Nilipotaka kukujibu, mtandao ukapotea. Nyamera, dada yangu, hapo ndipo niliogopa kabisa. Tungezama, na wewe ungekuwa jikoni huko Rodi Kopany ukituona tumetulia ufukweni.

Samaki wa hapa ni mtamu, lakini nimemwacha nusu sahanini. Jumapili asubuhi navuka tena kurudi. Wasalimie watoto, nawapenda. Na hiyo app usiiulize kitu. Ikifika saa sita mchana hujasikia sauti yangu, piga nduru.

Kakako, Ouma