Bamba Lako, Caradog

Bryn Helyg,
Jumatatu, mvua imepumzika kidogo

Kaka yangu mpendwa Caradog,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako Elis, na uzipokee ukiwa umekaa, maana ni nyingi na baadhi yake ni nzito. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Granville, ng'ambo ya bahari, na shemeji Gwladys awe mzima kukushinda, kwa sababu najua macho yako yamestaafu na ni yeye anayekusomea. Shemeji, soma polepole. Kuna mahali nitakuomba usimame umpe chai kwanza, usiparuke.

Mimi huku ni mzima. Goti la kushoto limegoma kupanda ngazi, kifua kinapiga filimbi kama treni ya machimbo, na meno hayana neno, yanakaa kwenye glasi dirishani ambako yanaona barabara yote. Mvua ipo. Ulipoondoka ilikuwa inanyesha, basi ni ile ile.

Barua yako ya Krismasi nimeipata. Umeandika kwamba daktari wako ametikisa kichwa, na kwamba ukifa unataka uletwe nyumbani kwa meli, uzikwe chini ya bamba lako la jiwe la sleti, lile ulilonikabidhi wiki uliyoondoka, nami nikaapa mbele ya mama kulitunza. Umeuliza kama bado lipo. Hilo nitalijibu. Lakini barua yenye jibu tupu ni telegramu, na mimi sikununua karatasi yote hii kwa ajili ya neno moja.

Kwanza habari za kazi. Ndiyo, nimeajiriwa tena, na uzee huu. Machimbo ya Clogwyn yalipofungwa tulidhani basi, watu wakaanza kuiba mbao. Kumbe wakaja watu wenye viatu safi wakasema mabaki yetu yote ni urithi. Vile vilima vya vifusi ambavyo mama alivilaani kwa kumzibia jua jikoni, urithi. Reli iliyopinda, urithi. Banda la kupasulia mawe limekuwa makumbusho, na mimi, kaka, ni mmoja wa vitu vya kale vilivyomo, isipokuwa jioni naruhusiwa kwenda nyumbani. Nakaa na tindo yangu na nyundo ya mti, jiwe gotini, nalipasua liwe sleti za kuezekea, na watalii wananipigia makofi. Miaka yote ile mnyapara hakunipigia hata kofi moja, ingawa najua alitamani kunipiga mimi mwenyewe.

Kile kibanda chetu cha kunywea chai wamekitengeneza upya. Wameweka sanamu za watu kuzunguka jiko, na ile iliyokaa mahali pangu wameivisha suruali kuukuu ya Twm Pua. Unamkumbuka Twm, mwenzangu wa kazi; yeye bado hai na pua nayo. Alipoiona ile sanamu akaniambia imenishinda kwa mbali, maana inakaa kibandani kutwa nzima na haijasema uongo hata mmoja.

Majuzi walikuja akina mama kutoka Birmingham, wakauliza kama ni kweli kwamba sleti zina majina. Nikawaeleza kwa heshima zote kwamba ukubwa wa sleti uliitwa kwa vyeo vya wanawake wa ikulu, kubwa ni Malkia, anafuata Duchesi, halafu Kauntesi, mpaka unafika kwa Bibi Mdogo, na kwamba mimi mtoto wa Robat nimewapakata wote hao, mchana kweupe, na mke wangu akijua. Mmoja alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mchungaji Idwal, ambaye yumo kwenye kamati ya makumbusho, aliniita pembeni akanionya kwamba hapa si mahali pa maneno ya namna hiyo. Nikamwambia majina yale hatukuyatunga sisi wachimbaji, waliyatunga wenye mali, akawaonye wao huko walikozikwa.

Sasa tunaikaribia habari yenyewe. Kamati iliamua kusimamisha uwanjani jiwe kubwa lenye majina ya wote waliofia Clogwyn tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyepinga, hata Twm, ambaye hupinga hali ya hewa. Shida ikawa ni jiwe. Mshipa wa zamani, ule wa buluu, uko chini ya maji. Walipozima pampu shimo lote likawa ziwa. Watu wa machimbo ya ng'ambo ya bonde wakajitolea kutupa bamba la kwao. La kwao, kaka, lile la zambarau, rangi ya pua ya mlevi. Mkutano ukavunjika. Mjane mmoja alisimama akasema mume wake aliwadharau watu wa ng'ambo maisha yake yote, na yeye hatakubali aandikwe kwenye jiwe lao sasa ambapo hawezi kujitetea.

Basi mkuu wa kamati, Mwalimu Olwen, akaanza kupita kwenye nyua za watu na kijiko. Ndiyo, Olwen yule yule uliyekuwa ukimvuta nywele. Ameacha kufundisha zamani lakini bado anatutazama kama tumechafua madaftari. Kwetu hapa nani hana bamba uani? Huyu kalifanya mlango wa banda la kuku, yule daraja la mfereji, mwingine meza ya kutilia nyama ya nguruwe chumvi. Olwen analigonga kwa kijiko na kutega sikio. Bamba zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama sufuria la uji. Mtaa mzima ulilia kama masufuria.

Niliposikia anakuja upande wetu nilifanya lile unalolijua. Unakumbuka siku za kupatana bei, jinsi tulivyokuwa tunaupaka matope mwamba mzuri, ili mnyapara auone mbovu, atuonee huruma na kutupandishia malipo? Bamba lako nalo nililipaka matope, nikaongeza na mavi ya kuku kwa ajili ya harufu. Olwen alipofika nikamwambia, kwa uso wa msibani, kwamba lina ufa tangu vita ya Kaiza na halifai hata kukalia. Alibana pua, akakirudisha kijiko mkobani, akanipa pole. Siku hiyo nilijipongeza mpaka nikachoka.

Nilisahau ninaishi wapi. Jumapili mvua ilishuka yote wakati wa mahubiri, na tulipotoka kanisani bamba lako lilikuwa limeoga, buluu tupu, linang'aa kuliko viatu vya mchungaji. Na njia ya kutoka kanisani, kama unavyojua, inapita nyuma ya ua wetu. Olwen aliukaribia ua wetu. Alipitisha mwavuli juu ya ukuta mfupi, akaligonga kwa mpini. Kaka, liliimba. Waumini wote walisimama barabarani vinywa wazi. Kisha Olwen akageuka kunitazama mimi, na mimi nikatazama kuku.

Nataka ujue kwamba nilikataa. Niliwaambia bamba si langu, ni la kaka yangu, na nimekula kiapo. Mchungaji akaja na keki ya zabibu aliyoioka mkewe, akanieleza kwamba siku ya ufufuo hakuna atakayeulizwa alilala chini ya jiwe gani. Nikamjibu kwamba kama ni hivyo, basi na hao wafu wa Clogwyn hawahitaji jiwe, tufunge kikao. Aliondoka na keki iliyobaki. Twm naye akaja, akaniambia nisijidanganye, Caradog amekuwa akisema atarudi mwakani kwa miaka hamsini, na ukimsemesha Kiwelisi chetu leo atakujibu kwa kutafuna ubani. Nilimfukuza kwa fimbo, ila alipofika mbali nilicheka.

Siku iliyofuata Olwen alikuja mwenyewe, bila kijiko. Alikaa jikoni akanywa chai yangu nyeusi bila kukunja uso, jambo ambalo hata marehemu mke wangu Annie hakuliweza. Akasema hakujia bamba, ana tatizo la akina Robert Williams. Wamekufa wengi mno Clogwyn wenye jina hilo, na wakiandikwa hivyo hivyo hakuna mjukuu atakayejua babu yake ni yupi. Kwa hiyo wamekubaliana kila mtu aandikwe pamoja na jina alilopewa kazini. Akaniuliza, baba yetu aandikwe nani? Nikamwambia Robat Besi, kwa sababu kibandani aliimba sauti ya chini mpaka vikombe vikatetemeka. Akauliza kaburini pake pameandikwaje, ili wachongaji wafuate vile vile.

Hapo ndipo nilipokwama, Caradog. Kaburini pake hapajaandikwa kitu. Kumbuka kile kigingi cha mti tulichokipigilia, tukasema ni cha muda. Kilioza hata meli yako haijang'oa nanga. Mtu aliyewaezekea watu nusu ya dunia, hana hata kipande cha Bibi Mdogo chenye jina lake. Na bamba lako ulilitoa kwenye mwamba wake yeye, ule ule uliomwangukia na kumuua. Nilitazama nje dirishani ili Olwen asinione uso. Kuku mmoja alikuwa amesimama juu ya bamba, anajikuna.

Shemeji, hapa sasa. Simama, mpe chai, tia na sukari.

Kaka, bamba lako nimelitoa. Liko uwanjani, limesimama, lina majina mbele, na Robert Williams, Besi, yuko karibu na juu kabisa, mahali mvua inapomfikia kabla ya wengine. Herufi zake nimezipitisha kidole moja moja. Hazina kasoro.

Ukitaka kutukana tukana, shemeji atageuka dirishani kidogo. Lakini usiyamalize matusi yako yote, kuna jingine. Siku walipokuja kulichukua wakaligeuza, na hapo wote wakaona kile nilichokuwa nimekielekeza ukutani miaka hii yote. Maandishi yako mwenyewe. Caradog Williams, alizaliwa Bryn Helyg 1897, akafa Bryn Helyg, halafu nafasi tupu ya mwaka. Na mstari umepinda, kaka. Ulikuwa mpasuaji hodari, lakini uchongaji Mungu hakukujalia.

Mchungaji alibadilika rangi. Akasema mtu aliye hai hawezi kuwekwa pamoja na wafu, ni mkosi, na tena si utaratibu wa kamati. Wakataka kukusugua. Mimi na Twm tulikataa kwa sauti moja, mara ya kwanza kukubaliana tangu ule mgomo wa machimboni, maana jina ulilichimba kwa kina mno na bamba lingeweza kupasuka. Wakafikiria kukugeuzia ukutani, lakini uwanja hauna ukuta. Mwishowe mchungaji alikupandia kichaka ili kikufiche. Kondoo wakakila. Basi umebaki hivyo, mbele wafu, nyuma wewe. Watoto wa shule wakiniuliza huyu ni nani nawaambia ni yule aliyechelewa. Watalii wanakupiga picha.

Kwa hiyo jibu la barua yako ndilo hili. Hayo mambo ya kuletwa ndani ya sanduku yafute. Huna tena jiwe la kulala chini yake, mdogo wako amekunyang'anya, na mengine ya rangi ile yako ziwani pamoja na samaki. Ukitaka kuliona lako, njoo ulione ukiwa umesimama. Ule mwaka mimi siuchongi, saba yangu inafanana na moja, na Olwen ameapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayeligusa. Watalizindua mwezi wa Mei. Shemeji aje pia, chumba cha mbele nimekipaka rangi na paka nimemhamisha. Daktari wako mwache atikise kichwa. Atakutikisia mpaka bandarini.

Nimetengeneza benchi nikaliweka upande wako wa jiwe. Kwa Baba kuna upepo mkali, kwako kumekingwa. Jioni nikitoka makumbusho naketi pale na kopo langu la chai, mgongo wangu kwenye jina lako, na nikipata baridi naligonga kwa kisigino ili nilisikie. Benchi ni refu. Nililikata refu makusudi. Twm akitaka kukaa namwambia hapo pana mtu.

Wasalimie watu wa kwetu wote walioko huko wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wakumbushe. Olwen naye anakusalimu, amesema uje umeandaa maneno ya kujitetea kuhusu zile nywele. Mungu awalinde baharini.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu siku zote isipokuwa hiyo moja,

Elis Chai

Tumbaku usisahau.