Karani Aliniuliza Kwenu Wapi

Lindi, Jumatatu, siku ya tano ya Shaabani

Kwa dada yangu Somoe binti Mfaume, Kikole.

Mimi Salum, ndugu yako, nina miaka sabini na mitatu. Hapa Lindi nawaambia watu ni tisini na wanakubali, lakini wewe uliyenibeba mgongoni siwezi kukuongezea hata mwezi. Nimeuona mwisho wa bendera ya Sultani, mwisho wa Mdachi, mwisho wa vita vya Maji Maji na wa vile vita vikubwa vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Nimeuona mwisho wa homa iliyozoa watu, wa nzige mara mbili, wa wake wawili, Mungu awarehemu, na wa makuli wote niliokuwa nawasimamia gatini, wale wenye vifua kama milango. Wote wamekwenda. Mimi nipo, nakula muhogo wa kuchoma kwa meno yangu mwenyewe, yale yaliyobaki.

Assalaam aleikum. Ile salamu nyingine, iliyo haki yako, sijaiandika hapa juu. Nimeiweka chini, karibu na mwisho wa karatasi, utaikuta.

Magoti hayajambo? Nasikia kwa watu wa malori kwamba bado unakwenda shamba peke yako na hutaki kushikwa mkono. Paa uliliezeka baada ya masika? Na ule mkorosho wa upande wa mto, umechanua mwaka huu? Mimi ni mzima. Jicho la kushoto limeingia ukungu, la kulia linaona mpaka Kitunda ng'ambo.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mwandishi wa barua yupo pale karibu na soko, ana mwandiko wa kupendeza, lakini mambo ya humu ukimpa saa nne, saa sita yako msikitini. Herufi mimi nilizijua kwa kupiga chapa magunia, kwa hiyo usishangae zikiwa kubwa. Karatasi ya pili hii na bado sijasema kitu. Najua atakayekusomea ni mwalimu wa chuo, na najua ukumbi utajaa watu wa kusikiliza. Mwalimu, wewe unayesoma, soma yote. Ukifika mahali ukaona pananiaibisha, hapo ndipo upaze sauti.

Haya, sikia dada. Nataka kwenda kuhiji. Nauli wanangu wameitengeneza, hilo lisikushughulishe. Shida ni karatasi. Zamani mtu alifunga mzigo wake akaondoka. Sasa kila nchi ina mlango na kila mlango una bawabu. Kwanza upate pasi, ndicho kitabu cha serikali cha kusema wewe ni nani. Kisha kitabu kipelekwe kwa wakubwa wa kule, wakigonge muhuri unaoitwa viza, ndiyo ruhusa ya kuingia kwao. Bila viza hata ukifika Jidda unarudishwa na meli ileile kama gunia lililokosewa jina. Na meli ya mahujaji inatoka Dar es Salaam katikati ya Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Boma wamesema karatasi zangu ziwe zimeondoka Lindi kabla Ramadhani haijaandama, la sivyo ningoje mwakani. Mimi sisemi nitakufa, hilo sijalisema. Lakini mwakani ni mbali.

Picha nilipigwa mara mbili. Ya kwanza nilivaa kilemba na joho la mkwe wangu. Mpiga picha akasema, "Mzee, uso tu ndio unaotakiwa." Nikamwambia uso wangu bila kilemba haujatimia. Boma wakaikataa. Ya pili nimepigwa kichwa wazi, natokea kama kokwa ya embe iliyofyonzwa, na hiyo ndiyo waliyoipenda.

Chanjo nilichanjwa pamoja na watu wa Rutamba na Kitomanga. Mtu mzima mmoja wa Kitomanga, mwenye ndevu, alimwita mama yake. Mimi sikupepesa jicho. Dresa wa hospitali akaniuliza, "Mzee, umesikia?" Nikamwambia, "Nimesikia nini? Kwani umekwisha anza?"

Balaa lilikuwa siku ya fomu. Karani wa boma ni kijana wa Masasi, anaitwa Lukasi, mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza jina, nikasema Salum bin Mfaume Shihiri. Akaandika. Akasoma mstari wa Kizungu kimoyomoyo, kisha akaniuliza, "Kwenu wapi, mzee?"

Sasa dada, wewe na mimi tunajua, mtu wa huku pwani akiulizwa kwenu wapi hasemi alikozaliwa. Anasema alikotoka babu wa babu yake, na kama hapajui anachagua pazuri. Miaka arobaini nimeulizwa hivyo gatini, msikitini na harusini, na jibu langu ni moja. Nikasema, "Kwetu Arabuni. Shihiri." Lukasi akaniangalia, akaangalia fomu, akaandika. Nikafurahi sana kuona neno langu limeingia kwenye karatasi ya serikali kwa wino. Sikujua kwamba ule mstari wa Kizungu ulikuwa unauliza mahali pa kuzaliwa.

Fomu ikaenda Dar es Salaam. Wiki ya tano ikarudi na barua imebanwa juu yake, na Lukasi akaniita.

"Mzee Salum, wanasema wewe ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Mgeni wa nchi. Umezaliwa Arabuni, basi pasi ya hapa hupewi. Wanataka karatasi uliyoingilia."

"Niliingia lini?"

"Hilo ndilo wanalouliza. Ulikuja na chombo gani?"

Vyombo mimi navijua. Kila kilichotia nanga Lindi tangu Mdachi nakijua kwa jina na kwa rangi ya ubavu. Nilifungua mdomo nikitaje kimoja, nilikuwa nacho tayari ulimini. Kisha nikaona, nikikitaja huyu atakiandika, na hao wakubwa watakwenda kulitafuta jina langu humo. Nikafunga mdomo. Nikamwambia nitafikiri.

Nilifikiri siku tisa. Si kwamba sikujua la kufanya. Nilikuwa nangoja serikali ibadili mawazo.

Mtani wangu Chinguile hakunipa nafasi. Huyu ni seremala, Mmwera, tunapakana ukuta kwa ukuta, na habari za boma alizipata kabla sijavua makubadhi. Kila asubuhi akipita barazani na randa lake:

"Sharifu! Bado hawajakurudisha kwenu? Nasikia wanakutafutia ngamia anayejua njia."

"Pita, mla panya wewe."

"Mla panya kitovu chake kimezikwa Rutamba, na mahali penyewe panajulikana. Cha kwako kiko wapi? Au ngamia walikikanyaga?"

Nilimrushia kubadhi likampata begani. Akaliokota, akalirudisha taratibu mguuni pangu, akaenda kazini kwake anacheka. Lakini neno lilikwisha niingia.

Kwa sababu kitovu changu nakijua kilipo. Ulinionyesha wewe. Mama alikuwa shambani anaamia ndege, mpunga umekaribia kuiva, na uchungu ukamshika yuko juu ya dungu. Akateremka, akanizalia chini yake hapohapo, kwenye kivuli, ndege wakila mpunga bila mtu wa kuwafukuza. Bibi akaja mbio kutoka ng'ambo ya mto. Wewe ulikuwa na miaka sita, ukashika jembe lililokuzidi urefu, ukachimba kishimo penye nguzo ya dungu ya upande wa mto, na bibi akakiweka kitovu humo. Dungu limekwisha oza zamani. Hapo ndipo ulipo ule mkorosho niliokuuliza kama umechanua.

Haya yote uliyasema kwenye harusi ya binti yangu Mwanahawa, na ndiyo yaliyotugombanisha. Mimi nimekaa na wakwe, nimevaa, nawaeleza habari za wazee wetu walivyoondoka Shihiri. Wewe ukatoka ndani na sinia la pilau, ukasimama katikati ya ukumbi ukasema, "Arabuni ya wapi, Salum? Wewe umezaliwa chini ya dungu Kikole, kitovu chako nimekichimbia mimi." Watu wakacheka mpaka kijiko kikaanguka. Alfajiri nikakupandisha lori, sikukushika mkono. Tulipomzika shangazi nilikuja Kikole, nikawaamkia wote waliokaa kwenye jamvi, nikakupita wewe kama nguzo ya nyumba. Miaka kumi na mmoja, dada. Mimi nikishika jambo nalishika. Nilikuwa nikijisifia hilo.

Siku ya kumi nikatoka. Kwanza sikwenda boma, nilikwenda kwa mkwe wangu, baba yake mume wa Mwanahawa, kwa sababu niliona si haki karani aambiwe kabla ya mtu niliyemwoza mwanangu. Nikakataa kahawa. Nikamwambia nimesimama, "Mkwe, kwetu Kikole. Baba yangu Mfaume alikuwa mkulima, na mama yangu ni Mmatumbi. Shihiri sijawahi kuiona."

Akaniangalia. "Kaa, mkwe, unywe kahawa. Hayo tunayajua."

"Mnayajua tangu lini?"

"Tangu harusini. Dada yako alisema kwa sauti, mpaka waliokuwa jikoni walisikia. Na kabla ya harusi tulikwisha uliza. Nani anaoza bila kuuliza?"

"Na mbona mlikaa kimya?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri."

Nikakaa, nikanywa kahawa. Miaka arobaini, dada, mtu aliyeniamini ni Lukasi peke yake, na ndiye aliyeniponza.

Nikaenda boma. Nikamwambia, "Futa Arabuni, andika Kikole."

"Haifutwi, mzee, tutajaza fomu nyingine. Lakini sasa watataka kiapo. Nani alikuona unazaliwa?"

"Niandike mimi mwenyewe. Nilikuwapo."

"Huyo hafai. Nataka mtu mkubwa kuliko wewe, aliyekuwapo na anayekumbuka."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Bibi hayupo. Mama hayupo. Shangazi tumemzika. Niliwataja wote mpaka wa ng'ambo ya mto, na kila niliyemtaja nilimkunjia kidole. Nimejisifu hapa juu kwa kuwaona watu mwisho wao, na pale mbele ya karani niliona hasara yake. Kidole kilichobaki kimesimama ni chako.

Basi nakuomba. Nenda kwa jumbe, atakupeleka Kivinje kwa liwali. Barua ya boma ya kueleza nimeifunga pamoja na hii. Sema ulichokisema harusini, kwa maneno yaleyale na sauti ileile, usipunguze. Watakushika kidole gumba wakitie wino. Wino unatoka kwa mafuta ya nazi, nimejaribu. Hiyo karatasi ya kiapo mpe Musa, dereva wa lori aliyekuletea barua hii. Atapita tena Kikole Alhamisi ya wiki ijayo, na amenipa mkono kwamba haondoki bila hiyo karatasi. Ikinifikia wiki hiyo, Lukasi ataituma Dar es Salaam na pasi yangu itawahi muhuri.

Na kama moyo wako hautaki, sikulazimishi. Miaka kumi na mmoja si mchezo, na niliifanya mimi. Nitakaa Lindi, nami nitakufa sijaiona hiyo Arabuni niliyosema ni kwetu. Sitamlaumu mtu. Lakini nikifika, nitamwombea mama pale kwa jina lake, na mahali aliponizalia nitapataja, dungu na ndege na yote, kwa sababu nadhani pale si mahali pa kusema Shihiri.

Nisalimie mpwa wetu mpiga ngoma, kama mkono wake umepona. Nisalimie mjane wa marehemu kaka yetu, mwambie kitambaa alichoagiza anacho Musa. Nisalimie mkaza mwana wako anayekupikia, na jirani yako yule wa kisimani, mwambie sijasahau kwamba alinishinda bao, na kwamba aliiba kete. Mwanahawa anakuamkia. Amesema usipokuja Lindi mfungo ukiisha, atakufuata.

Ya chanjo, muulizeni dresa. Ya kubadhi, muulizeni Chinguile, bega bado analionyesha watu. Ya kahawa anayo mkwe wangu, na ya fomu anayo Lukasi, wala hawa wawili si watu wa kuongeza neno. Lakini kwamba mimi ni mtoto wa Mfaume, nimezaliwa chini ya dungu na kitovu changu kiko penye ule mkorosho, katika dunia nzima shahidi amebaki mmoja, naye ni wewe.

Shikamoo, dada.

Mwalimu akiandika jibu, neno marahaba aliweke juu kabisa, nilione kwanza.

Mdogo wako,
Salum Mfaume, wa Kikole