Koti la Bwana Koti

Jumanne, 5 Machi

Bwana Koti amefariki. Redio imesema kwa sentensi moja tu, kisha tangazo la sabuni. Sentensi moja! Mtu aliyetuchekesha tangu sijaota meno.

Cherehani zote karakanani zilinyamaza. Dada wa pasi akalia waziwazi. Mimi nikajikuta natabasamu — nilimwona akilini, yuko jukwaani na lile koti lake la kiofisa, mikono imevuka vidole mpaka magotini. Mtu anakuja na shida yake, yeye anautafuta mkono ndani ya koti, anachungulia, anauita kama anaita kuku. "Subirini, mkono uko njiani!" Lakini ikitajwa bahasha tu — huo, umeshatoka! Hakumtaja mkubwa yeyote. Kwani kulikuwa na haja?

Serikali iliwahi kumweka ndani. Alipotoka alipanda jukwaani, hakusema neno. Akautafuta mkono, basi, mpaka pazia likashuka.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kaja kumchukua Kipusa wangu ili nifanye kazi vizuri. Kamwogesha, kampaka mafuta mpaka mtoto anateleza. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua.

Mwaka askari wa mji walipovunja meza yake ya nguo sokoni, Mama alikaa ndani bila kusema na mtu. Jirani akamburuta kwenda kumwona Bwana Koti. Anasema alicheka mpaka kilemba kikadondoka! Kesho yake yeye na wenzake wakaenda ofisi ya mji. Hawakupiga kelele, hawakubeba bango. Walisimama mbele ya dirisha na mikono ya sweta wameivuta ikafunika viganja. Kimya. Karani akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Wiki ileile wakaruhusiwa kurudisha meza.

"Mwanangu, mtu akishakucheka anakuwa hana ubavu wa kukufukuza," Mama alisema. Kisha akaomba chai, kana kwamba hajasema kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Tuliomba ukumbi tumkumbuke. Tumenyimwa. Eti unapakwa rangi. Nimepita hapo mwenyewe — hakuna hata ndoo.

Basi tumeamua tutakumbuka karakanani, Jumatatu wakati wa chakula. Tumeshona koti kama lake kwa mabaki ya oda ya manispaa, makoti ya Meya na wakubwa wenzake, kitambaa kilekile, vifungo vilevile. Mikono nimeishona mimi. Nimeiachia urefu mpaka fundi wa kola akasema, "Mama Kipusa, hilo koti au pazia?" Tumecheka! Tukalitundika, tukalifunika shuka.

Nilipomweleza baba mtoto, aliacha kutafuna. Akaniuliza, mkikamatwa huyu mtoto atamwita nani mama? Nikamwongezea mchuzi.

Jumatatu, 11 Machi

Jamani!

Saa ya chakula tumefunua shuka. Koti limekaa vizuri mno. Mikono inaishia inapotakiwa kuishia. Ni la Meya!

Dada wa pasi kajishika kichwa. Aliwahi asubuhi, akanyoosha makoti ya oda. Akalifunua na letu alinyooshe, likachanganyika na la Meya, naye hapimi, yeye ananyoosha tu. Lenye vifungo vya manispaa linakunjwa, linaingia kwenye mfuko wa nguo, linaondoka. Shuka akalirudishia lililobaki. Gari limeshapeleka letu kwa Meya.

Msimamizi alipojua alikaa chini, palepale kwenye vipande vya vitambaa. Akapiga simu ofisi ya Meya. Wakamwambia mheshimiwa ana ratiba, hasumbuliwi kwa sababu ya nguo.

Jumatano, 13 Machi

Leo Meya kafungua bomba jipya. Tulipewa ruhusa twende kujaza watu. Nilimbeba Kipusa mgongoni. Moyo unadunda mpaka naye akaamka.

Koti alilivalia garini, limetoka kwenye mfuko wake muda huohuo. Kashuka. Mikono ikashuka naye. Akapewa mkasi akate utepe — mkono hauonekani! Akatikisa. Akakunja, ukakunjuka. Uwanja wote kimya, na sote ni watu wa kupanga foleni ya maji tangu mvua zilizopita.

Ndipo bibi mmoja nyuma, taratibu kabisa: "Subirini, mkono uko njiani."

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Kilianza nyuma kikaja kama upepo. Askari mmoja aligeukia ukuta, mabega yanamcheza. Kipusa naye akacheka kwa kuwa watu wanacheka. Hakuna aliyerusha jiwe. Hakuna aliyetukana. Bwana Koti alizikwa jana bila hotuba. Nikasema moyoni, hii ndiyo yenyewe.

Halafu nikamwona dada wa pasi. Hakuwa anacheka.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa stoo, haraka.

Meya amekuja mwenyewe. Koti kalibeba mkononi. Msimamizi alishatuonya tangu jana: semeni ni dada wa pasi, alichanganya, ataondoka, yaishe. Na dada ana mimba ya miezi saba! Mumewe hana kazi. Alikuwa ameshafungua kinywa akubali.

Nikasema mimi. Sijui sauti ilitoka wapi. "Mheshimiwa, yeye kanyoosha tu. Mikono nimeishona mimi, makusudi. Halikuwa lako. Ni koti la Bwana Koti, tulitaka kumkumbuka."

Msimamizi akafumba macho.

Meya hakufoka. Alichungulia ndani ya mkono mmoja wa koti kama mtu aliyedondosha kitu. Akauliza, "Na alikuwa anafanyaje hasa? Tangu nipewe cheo, hakuna anayenisimulia." Fundi wa kola akajibu kwamba hayasimuliki, hadi uyaone. Meya akanipa koti. "Vaa. Nionyeshe."

Sijui kama ni mtego. Uso wake hausomeki. Kesho naweza kuwa nyumbani sina kazi. Lakini dada wa pasi amekaa kwenye kiti chake, bado ni chake.

Nimeingia humu stoo kuvaa, nimeshavaa. Mkono mmoja nimeukunja ili niandike. Nje wamezima cherehani.

Msimamizi anagonga mlango, ananong'ona. Eti Meya amekataa kiti cha ofisini. Amejivutia kistuli, amekaa katikati ya mafundi, mbele kabisa, kama mtu aliyelipa kiingilio.