Mkono wa Nyamisi

Njombe

Mdogo wangu Magesa,

Hamjambo hapo Mugango? Mwanao tumbo limepoa, au bado ni uji mtupu? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku inanikumbusha kila asubuhi kwamba nilizaliwa ziwani.

Tangu uliponipigia simu sijatulia. Ulisema dada yetu Nyamisi alipowanawisha wageni mkono ulitetemeka hadi maji yakamwagika, na baada ya chakula mwanao akaugua. "Kaka, mkono wa mtu mwema hautetemeki," ukasema. "Ahame."

Nimefundisha Kiingereza hadi nikazeeka, kwa hiyo nivumilie. Wanafunzi wangu wakijipanga mstarini asubuhi hutetemeka kwa baridi: hiyo ni shiver. Aliyechelewa akimwona mwalimu wa zamu hutetemeka kwa hofu: hiyo ni tremble. Lakini liko neno tremor. Daktari hulitumia kwa mkono unaotetemeka wenyewe, mwenye mkono asipende. Hata ardhi ikitikisika kidogo huitwa hivyo, na ardhi haijamroga mtu.

Nilimpigia Nyamisi. "Kaka, nikiuweka mapajani unatulia," akaniambia. "Nikishika jagi tu, unatetemekaga. Nilikuwa nacheka. Sasa hata chai yangu hawanywi."

Mkumbuke mama, Magesa. Akimimina uji, nusu ilikuwa ya meza. Hatukumwita mchawi, tulisogeza bakuli.

Kwa hiyo nina shaka, ila si na Nyamisi. Wageni wote walikula, akaugua mtoto mmoja. Maneno haya yalianza lini: mkono ulipoanza kutetemeka, au Nyamisi alipokataa kukuachia shamba lake la kando ya ziwa? Nilipokuuliza hilo kwenye simu, sauti yako ilitetemeka. Hapo, mdogo wangu, sikufikiria tremor.

Mpelekeni hospitali Musoma, daktari autazame mkono. Asihame mtu. Shule ikifunga nakuja. Nitakaa kwenye meza yako, Nyamisi aninawishe mimi kwanza, kisha wewe. Mikono yako nitaitazama.

Nisalimie shemeji, huyo mgonjwa wetu mdogo, na katekista wa Nyegina aliyetufundisha kusali. Nyamisi umsalimie kwa mdomo wako mwenyewe, ukiwa umeshika kikombe cha chai yake.

Mimi kaka yako,
Mafuru