Kipofu wa Redioni

Jumanne, Mfunguo Sita

Na ulimi wa Bi Salma ukatwe! Astaghfirullah, sitaki ukatwe, lakini ningeupata leo ningeufunga kwa kamba ya usumba.

Tumo kwenye foleni ya mchele, yeye kaanza hadithi ya redioni, ile ya wafalme na majini ya kila Ijumaa. Ati yule kipofu anayeomba sadaka langoni si kipofu. "Nakwambieni, ndiye mfalme mwenyewe kajificha!"

Mwanangu Rukia akapiga makofi. "Basi mfalme atarudi! Atawatoa wote waliomfukuza!"

Foleni nzima ikatugeukia. Kusema mfalme atarudi, mji huu, siku hizi, na wetu keshapinduliwa!

Bwana anayesimamia foleni akatujia. "Mfalme gani huyo anayerudi?"

"Wa redioni, baba. Wa majini."

"Na huyu mtoto wa nani?"

"Wangu."

Bi Salma kajivutia buibui mpaka puani, kama asiyetujua. Jirani yangu wa ukuta mmoja! Neno moja tu, aseme "nimeanza mimi", hakusema.

"Ijumaa ntasikiliza mwenyewe," akasema yule bwana. "Tutaona huyo kipofu ni nani."

Mchele nimepata, kula sikuweza. Baba Rukia hakugomba hata kidogo, kafunga madirisha tu, na hilo ndilo linalonitisha.

Ewe mtunzi wa hadithi, mimi sikujui. Mfanye yule kipofu mchawi, mfanye mwizi, mfanye shetani ukitaka. Asiwe mfalme tu. Mtoto ninaye huyu mmoja.